Shajara ya mradi: kutoka kwenye bawa la kibarua hadi kwa madume

Januari

Mpango kama ulivyopitishwa: kukusanya picha za mabawa ya nyuki wa asali, kuzipima, kisha kuandika mwongozo wa Kiswahili utakaomwezesha mfugaji au mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida kujua nyuki wake ni wa ukoo gani, kabla hajaagiza malkia kutoka mbali au kuhamisha mizinga. Uhifadhi umewekwa sura ya mwisho, kurasa chache. Naliandika hilo hapa mapema kwa sababu lina utata, na nadhani litatugeukia.

Tumeanza na orodha. Nyuki wa asali tunayemzungumzia, *Apis mellifera*, ana nususpishi (jamii za mahali mbalimbali ndani ya spishi moja) zinazokaribia 30. Friedrich Ruttner, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima nyuki, alifikisha 24 mwaka 1988. Nususpishi zilikusanywa katika makundi makubwa, koo, na koo zilipewa herufi: A kwa nyuki wa Afrika, M kwa nyuki weusi wa magharibi na kaskazini mwa Ulaya, C kwa wale wa Balkani na Italia, O kwa wale wa Uturuki, Kaukazi na Mashariki ya Kati. Tangu hapo wameongezwa wengine: *ruttneri* wa Malta (1997), *pomonella* wa milima ya Tien Shan (2003), *simensis* wa Ethiopia (2011), *sinisxinyuan* wa China (2016). Hata asili ya nyuki huyu bado inabishaniwa. Utafiti wa jeni wa 2006 uliielekeza Afrika. Uchambuzi wa jenomu uliotoka 2021 ukaipeleka Asia, na koo zikafika saba.

Kwa mwongozo wetu hilo lina maana moja ya vitendo. Kiwango cha ukoo tunaweza kukiahidi. Kiwango cha nususpishi tutakitaja kwa uangalifu, kwa sababu mipaka yenyewe inasogezwa kila baada ya miaka michache.

Februari

Kazi ya mkono mwezi mzima. Tunatumia bawa la mbele la kulia la nyuki kibarua, daima la kulia. Unalikata karibu na shina kwa kibano chenye ncha kali, unalilaza kwenye kioo cha hadubini, tone dogo la ethanoli, kioo chembamba juu yake. Lina urefu wa milimita tisa hivi, pungufu kidogo kwa nyuki wa Afrika. Mwanzoni linajikunja na kung'ang'ania kibano. Likishalowa linanyooka lenyewe, na ukiwasha taa kutoka chini mishipa inajitokeza ya kahawia, mikavu, kila kona mahali pake. Hapo unapiga picha haraka kabla ethanoli haijakauka na kuacha mapovu.

Kwenye picha unaweka alama 19, kila moja mahali mishipa inapokutana. Kwa nini makutano, si ukingo wa bawa? Kwa sababu ukingo huchakaa kadiri kibarua anavyozeeka kazini. Makutano yakishaundwa nyuki angali ndani ya kijumba chake, hayabadiliki tena hadi anakufa. Mpangilio wa alama lazima uwe uleule kila mara. Ukipiga ya tatu mahali pa ya nne, programu haitalalamika hata kidogo; itakupa nyuki ambaye hajawahi kuwepo duniani.

Baada ya alama, kompyuta huyasogeza mabawa yote yalale juu ya mengine, huyazungusha na kuyalinganisha ukubwa, hadi kinachobaki kiwe umbo tu. Hatua hii ndiyo inayozuia nyuki aliyelelewa kwenye sega kuukuu lenye vijumba vilivyopungua nafasi asionekane wa ukoo mwingine kwa sababu tu ni mdogo.

Kwa mazoezi tunatumia mkusanyo wa wazi wenye picha zaidi ya 26,000 za mabawa ya mbele kutoka nchi 13 za Ulaya. Tumempa kila mmoja kwenye timu fungu lilelile la picha, tukalinganisha alama zetu. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa zaidi kwenye makutano yenye mishipa minene, pale ambapo kila mtu ana maoni yake kuhusu "katikati" ni wapi. Tumeandika kanuni: katikati ya mshipa, si kwenye kivuli chake.

Machi

Kuna kipimo cha zamani ambacho wafugaji wa Ulaya bado wanakipenda, kipimo cha kubito. Katikati ya bawa kuna chumba, yaani nafasi iliyozungukwa na mishipa, ambacho ukuta wake wa chini umegawanywa na mshipa unaokuja kutoka chini. Chukua kipande kirefu, gawanya kwa kifupi. Nususpishi *mellifera*, yaani nyuki mweusi wa Ulaya wa ukoo wa M, kwa kawaida hubaki chini ya 2. *Carnica* wa Alpi ya mashariki na Balkani hupita hapo kwa mbali, mara nyingi 2.4 na zaidi. Ni hesabu unayoweza kufanya kwa rula juu ya picha iliyochapwa, na ndiyo maana tumeiacha kwenye mwongozo. Ila namba moja haitoshi kuhukumu kundi. Chotara wanaangukia katikati, na katikati kuna nususpishi nyingine halali zinazoishi hapo bila uchotara wowote.

Alama 19 kwa pamoja zinafanya kazi vizuri zaidi. Koo zinatengana waziwazi kwenye mchoro: A upande wake, M upande wake, C na O zikikaribiana. Ndani ya ukoo mambo yanafifia.

Hoja iliyotuchukua muda mrefu mezani ni ya sampuli. Mwenzetu wa takwimu aliuliza swali ambalo mfugaji hangelifikiria: vibarua kumi kutoka mzinga mmoja ni sampuli ngapi? Jibu ni kwamba kwa swali la jamii nzima ya nyuki wa eneo, ni karibu na moja. Wana mama mmoja. Lakini baba zao ni wengi, kwa kuwa malkia hupandana na madume kumi, kumi na tano, wakati mwingine ishirini, katika safari zake chache za ujanani, kisha huhifadhi mbegu hizo maisha yake yote. Mzinga mmoja ni familia za baba mbalimbali zilizokaa pamoja. Kwa hiyo wastani wa bawa la mzinga unachanganya mama mmoja na baba wote aliokutana nao angani, na hao baba huenda wametoka mizinga ambayo hatujaigusa.

Nikaona hapo ndipo kurasa chache za uhifadhi zinapoanza kutanuka.

Aprili

DNA. Tumechagua kipimo rahisi kuliko vyote, cha mitokondria, sehemu ndogo za seli zenye DNA yake zenyewe. Unachukua mguu mmoja wa kibarua aliyehifadhiwa kwenye ethanoli, unatoa DNA, unazidisha kipande kilicho kati ya jeni mbili ziitwazo COI na COII, kisha unakikata kwa kimeng'enya DraI, ambacho hukata kila kinapokuta herufi TTTAAA. Vipande vinavyobaki, vikipangwa kwa urefu kwenye jeli, vinaonyesha ukoo: nyuki wa C wana kipande kifupi, wa A na M wana kirefu zaidi chenye sehemu ya ziada mwanzoni. Njia hii inatumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, haihitaji mashine ya kusoma jenomu, na matokeo unayaona kwa macho.

Kasoro yake ni kwamba mitokondria hutoka kwa mama peke yake. Jeli inasimulia habari za bibi, na bibi wa bibi; kuhusu madume haisemi kitu. Rasi ya Iberia ndiyo mfano bora: *iberiensis* ana mitokondria ya A upande wa kusini na ya M upande wa kaskazini, lakini ukisoma sehemu iliyobaki ya jenomu yake ni nyuki wa M. Anayetegemea jeli pekee atachora mpaka wa nyuki katikati ya Hispania ambao nyuki wenyewe hawaujui.

Bawa hubeba urithi wa pande zote mbili. Kwa hiyo tumeamua kila mzinga upate vyote viwili, bawa na jeli, na pale vinapopingana tusifanye haraka kutafuta kosa. Kupingana kwenyewe ni habari: mara nyingi maana yake ni kwamba malkia wa ukoo fulani waliingia zamani na madume wa ukoo mwingine wamekuwa wakiwafuta kizazi baada ya kizazi.

Mei

Mfupi. Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2017 kwa ombi la Slovenia, tarehe ikifuata Anton Janša, mwalimu wa ufugaji nyuki wa karne ya 18. Nimepitia mabango ya siku hiyo na kuona kama kawaida kwamba baadhi ya "nyuki" waliochorwa wana mabawa mawili tu. Hao ni nzi.

Slovenia yenyewe inamruhusu *carnica* peke yake. Nimeweka alama nirudi kwenye jambo la sheria.

Juni

Mwezi wa hesabu moja tu, na imebadilisha mradi.

Utafiti uliofanywa bondeni Uingereza ukafuatilia malkia na madume kwa vipimo vya jeni ulionyesha kwamba nusu ya upandanaji ulitokea ndani ya kilomita 2.5 kutoka mzingani, na asilimia 90 ndani ya kilomita 7.5. Majaribio ya zamani yaliwahi kupata malkia aliyerutubishwa na madume walio mbali zaidi, kama kilomita 15. Chukua hiyo 7.5 kama nusu kipenyo. Eneo la duara ni kilomita za mraba 177 hivi.

Sasa fikiria mfugaji mmoja mwenye mizinga kadhaa ya nyuki wa asili aliyeamua kuwahifadhi. Anachagua malkia wazuri, analea wapya kutoka kwao, hanunui wa kigeni. Kila kitu anachokimiliki kiko kwenye kiwanja kimoja. Nusu ya urithi wa kizazi kijacho iko kwenye kilomita za mraba 177 ambazo si zake, mikononi mwa majirani na kwenye mapango ya miti. Madume hukusanyika hewani mahali palepale mwaka baada ya mwaka, ingawa hakuna dume hata mmoja anayeishi hadi msimu unaofuata kumwonyesha mwenzake njia. Kwenye kusanyiko moja lililochunguzwa Ujerumani, watafiti walipata madume wa makundi yapatayo 240 tofauti.

Ukiniuliza, hapa ndipo miradi mingi ya uhifadhi wa nyuki inapoyumba. Inahesabu malkia. Malkia ni rahisi kumhesabu, ana alama ya rangi mgongoni, unaweza kumwandikia cheti. Dume hana cheti, na ndiye anayeamua.

Pendekezo langu kwa timu: tuache kuchukua vibarua pekee, tukusanye na madume. Dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Hana baba, ana babu tu. Ana seti moja ya kromosomu, 16, kwa hiyo kila dume ni nakala ya upande mmoja wa mama yake, wazi, bila kufichwa na nakala ya pili. Ukikamata madume kwenye kusanyiko kwa puto na chambo chenye harufu ya malkia, umepata sampuli ya eneo zima bila kufungua mzinga wa mtu. Wamekubali. Mwenzetu wa takwimu kakubali haraka kupita wote. Data ya seti moja humrahisishia kazi.

Julai

Sehemu ngumu: kuhifadhi nyuki "safi" kunaweza kuwaua.

Nyuki hana kromosomu za jinsia. Tunafundishwa kwamba yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, na hiyo ni nusu ya habari. Kinachoamua ni jeni moja, csd, iliyotambuliwa mwaka 2003. Yai lenye nakala mbili tofauti za csd hutoa jike. Lenye nakala moja hutoa dume. Lenye nakala mbili zinazofanana nalo hutoa dume, ila dume mwenye seti mbili za kromosomu, asiye na faida kwa kundi, na vibarua humla muda mfupi baada ya kuanguliwa.

Hesabu yake inafanyika kichwani. Malkia ana aleli, yaani matoleo ya jeni hiyo, mbili tofauti. Kama eneo lina aleli N zilizosambaa sawasawa, dume yeyote atakayekutana naye ana nafasi ya 2/N ya kubeba mojawapo ya hizo. Akiibeba, nusu ya mayai anayoyarutubisha yanapotea. Kwa wastani basi hasara ni 1/N ya majana. Aleli 20, asilimia 5. Aleli 10, asilimia 10. Zikibaki 5, mzinga unapoteza yai moja kati ya kila matano kabla ugonjwa wala njaa havijagusa kitu. Duniani kote aleli za csd zinakadiriwa kuwa zaidi ya 100, lakini kisiwa kidogo au kituo cha kulea malkia kilichoanza na mama wachache hakina hazina hiyo, na aleli iliyopotea hairudi yenyewe.

Tumelitazama hili mzingani. Unachagua eneo la sega ambalo malkia amelijaza mayai bila kuruka kijumba, unaweka karatasi ya plastiki angavu juu yake na kuchora kila kijumba chenye yai. Unarudi mabuu wakiwa wachanga na kuweka karatasi ileile. Kwenye mzinga wenye afya mchoro na sega vinalingana karibu kote. Kwenye mzinga mmoja tulioujaribu, vijumba vitupu vilitawanyika sehemu yote tuliyoichora, vimesafishwa, vinang'aa, buu hakuna. Wakati wa kupima ndio unaotofautisha. Sega lenye mapengo baada ya majana kufunikwa linaweza kuwa la ugonjwa, au la vibarua wasafi wanaotoa mabuu wenye kupe wa varoa, na hiyo ni sifa njema. Mapengo yanayotokea mapema hivyo yanaelekeza kwa csd, na jibu la mwisho ni la maabara.

Kwa hiyo sura ya uhifadhi inahitaji vipimo viwili vinavyovutana. Bawa linauliza: hawa wanafanana na wa asili? Csd inauliza: wametosha kutofautiana? Mfugaji anayeshinda mtihani wa kwanza kwa kuondoa kila malkia mwenye bawa la mashaka anaweza kuanguka wa pili. Katika mwongozo tutasema wazi: mzinga wenye bawa la katikati usiondolewe kwa sababu hiyo peke yake.

Agosti

Nimesoma upya kazi ya 2017 kuhusu nyuki wa nyanda za juu za Kenya. *Monticola*, mweusi, wa milimani, alielezwa na F. G. Smith mwaka 1961 pamoja na *litorea* wa pwani. Jenomu za nyuki wa juu na wa chini zilipolinganishwa, zilikuwa karibu sawa kote, isipokuwa vipande viwili virefu, kimoja kwenye kromosomu ya 7 na kingine ya 9. Hapo tofauti ilikuwa kubwa mno, na kipande cha 7 kina karibu jeni zote za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na kujifunza na kutafuta chakula. Jeni nyingine zote zinapanda na kushuka mlima bila kizuizi.

Wapo wanaosema basi *monticola* si nususpishi. Mimi naona hoja hiyo haina uzito kwa mhifadhi. Nyuki anaweza kuwa karibu sawa na jirani yake na bado akabeba kitu kidogo kinachomwezesha kuishi kwenye baridi. Na bawa, ambalo tumelipima mwaka mzima, halioni vipande hivyo.

Kwamba nyuki wa mahali ana thamani kwa mahali hapo, ushahidi mzuri ni jaribio la Ulaya la 2009 hadi 2012: makundi 621, asili 16 za kijeni, vituo 21, nchi 11, bila dawa ya varoa. Makundi yenye malkia wa asili ya eneo yaliishi kwa wastani siku 83 zaidi ya yale ya malkia wa kutoka kwingine. Hakukuwa na asili moja iliyoshinda kila mahali. Anayeuza "malkia bora" bila kuuliza anakwenda wapi angesoma sentensi hiyo mara mbili.

Hatari za kuhamisha nazo zinajulikana. Nyuki wa Rasi ya kusini mwa Afrika Kusini, *capensis*, ana vibarua wanaoweza kutaga mayai yasiyorutubishwa yakatoa majike. Mwaka 1990 makundi yake yalihamishiwa kaskazini mwa Afrika Kusini, kwenye eneo la nususpishi nyingine, *scutellata*. Vibarua wa uzao mmoja wakaanza kuingia mizinga ya wenyeji na kutaga humo, na makundi mengi mno yakafa. Kule Brazili malkia wa Afrika waliletwa 1956, makundi 26 yakatoroka mwaka uliofuata, na uzao wao ukafika Texas 1990. Nyuki walikuwa wazuri kwao. Waliohamishwa ndio waliogeuka balaa.

Sheria: Denmark ilipiga marufuku nyuki wengine kwenye kisiwa chake cha Læsø mwaka 1993 ili kumlinda *mellifera* mweusi, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakubali mwaka 1998 kwamba marufuku hiyo inahalalishwa na uhifadhi. Colonsay na Oronsay za Uskoti zina amri ya aina hiyo tangu Januari 2014. Zote ni visiwa. Bahari imefanya nusu ya kazi na sheria imemalizia. Bara, duara la kilomita 7.5 halina ufukwe, na njia pekee ninayoiona ni majirani kukubaliana kutoingiza malkia wa nje, na kila mmoja kuacha masega ya madume badala ya kuyakata.

Mbegu za madume zinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kutumika baadaye kwa kumrutubisha malkia kwa chombo. Ni bima nzuri. Haimpi nyuki aliyegandishwa mazoea ya msimu ambao hajauishi.

Septemba

Hali ya kazi. Sura ya uhifadhi imehamishiwa mbele, kabla ya mabawa, na imekuwa ndefu kuliko zote. Kanuni ya alama 19 imekamilika pamoja na picha za mfano. Fomu ya sampuli imebadilika: vibarua kwa ajili ya jeli na bawa, madume wa kusanyiko kwa ajili ya csd, na ramani ya mizinga ndani ya duara, hata ile isiyo ya washiriki.

Bado hatujakubaliana kiwango cha chini cha aleli za csd ambacho chini yake tutashauri kuongeza malkia, na waongezwe kutoka wapi. Mimi nataka kikomo kiwe 20, ili hasara isizidi asilimia 5, na malkia watoke jamii ya jirani yenye hali ya hewa ileile hata kama bawa lake linatofautiana kidogo. Mwenzangu mmoja anataka bawa lilingane kwanza. Tumeafikiana kupima madume wa makusanyiko mawili kabla ya kubishana tena. Mirija ya ethanoli imeshaandikwa namba, na puto linasubiri siku isiyo na upepo.